Ushindani wa Walevi Waliookoka

Mke wangu aliondoka asubuhi ya siku ya mnada, mtoto mgongoni na sufuria kubwa kichwani. Sufuria ndiyo iliyonishtua. Mwanamke akiondoka na kanga zake tu, amekasirika, atarudi. Akiondoka na sufuria, amehama. Nilimwona akipita mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, nikataka kusimama nimzuie, lakini saa hiyo nilikuwa nimeshika tairi kwa mikono miwili, na kwa kweli tairi ndilo lililokuwa limenishika mimi. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Siku hizo Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Soko huria lilikuwa limeingia. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, na malipo yalichelewa mpaka mtu unasahau kwamba uliwahi kulima. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na malori yao, mizani ikasimamishwa kila njia panda, hela mkononi hapohapo. Na hatua kumi kutoka kwenye kila mzani alikaa mama mmoja na dumu lake la gongo. Mkulima aliuza pamba, akanunua baiskeli mpya, akapita kwenye dumu, na jioni baiskeli ililetwa kwangu ikiwa na rimu yenye umbo la yai. Biashara ilikuwa nzuri sana. Nilikunywa kwa sababu ilikuwa nzuri, na ilipoharibika nilikunywa kwa sababu imeharibika.

Watu husema mlevi anapenda pombe. Mimi nilikuwa siipendi. Asubuhi mikono ilitetemeka hata siwezi kuingiza mpira wa vali, kwa hiyo nilikunywa kidogo itulie nifanye kazi, nikafanya kazi nipate hela, nikapata hela nikanywa. Nikiwa peke yangu niliapa kuacha. Nimeapa mara nyingi mbele ya pampu ya baiskeli kuliko mbele ya Mungu.

Baada ya wiki moja nilipanda baiskeli kwenda Nkoma, kwao, kumfuata. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye neno ni mama mkwe. Hapo lazima nieleze kitu. Kwetu Usukumani, kwa desturi ya zamani, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Siku moja tulikutana mimi na yeye kwenye njia ya kisimani, kila mmoja akataka kumheshimu mwenzake, tukaingia porini wote wawili, yeye kushoto mimi kulia, tukakaa humo muda mrefu tukiisubiri njia iliyokuwa tupu.

Basi siku hiyo alinipokea kama desturi inavyotaka. Yeye alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nikakaa upande wa pili, kwenye kigoda, nikiongea na udongo.

"Mwadila, mayu," nikasalimia, mayu yaani mama.

"Mwadila, mkwe. Umekuja kufanya nini?"

"Nimemfuata mke wangu."

Kisha akasema, "Pamba ya mwaka huu uipande ukiwa na akili zako. Uipalilie ukiwa na akili zako. Uvune hivyohivyo. Siku ya kuuza upite mbele ya madumu yote mpaka nyumbani kwako. Halafu uje umchukue. Kama hukuweza, usije, tutajua wenyewe la kufanya na ng'ombe zenu."

Ng'ombe zetu, yaani mahari. Kurudisha mahari ni kuvunja ndoa. Nilimsikia mtoto wangu akicheka ndani, anacheka na mtu mwingine.

Ndipo nikaokoka. Wokovu nao ulikuwa soko huria. Zamani tulikuwa na makanisa mawili, unazaliwa kwenye moja unazikwa humohumo. Sasa kila mwezi lilifunguliwa jipya, lina jenereta na vipaza sauti, na wainjilisti waligombea walevi kama wanunuzi wanavyogombea pamba ya daraja la kwanza. Mwinjilisti wa kanisa letu, kijana mwembamba mwenye bidii ya kutisha, alinipata mimi akafurahi kama mtu aliyeokota fahali. Aliomba na mimi kila siku, alikaa kibandani kwangu wiki mbili za mwanzo nilipokuwa natapika na kuona panya wasiokuwepo. Hilo sitamsahau. Kisha Jumapili moja akaniambia nitoe ushuhuda.

Nilisimama nikasema niliyokuwa nayo: nilikunywa, mke ameondoka, nimeacha. Watu wakapiga makofi ya heshima. Nikaona ni kidogo. Nikaongeza habari ya josho.

Ilikuwa hivi. Siku moja nikiwa nimelewa niliingia kwenye foleni ya ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kuogeshwa. Ng'ombe wa mbele akatumbukia joshoni, mimi nikatumbukia, ng'ombe wa nyuma akatumbukia, nikatokea upande wa pili nimeoga dawa ya kupe, na mtu wa mifugo, ambaye naye hakuwa mzima, akanihesabu. Kanisa zima lilicheka mpaka wazee wakafuta machozi. Na mimi, nimesimama pale, nikasikia joto likishuka kifuani mpaka tumboni. Joto lilelile, likipita njia ileile. Nilidhani ni Roho.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kualikwa. Nilikwenda Mkula, nilikwenda Kalemela. Nilijifunza kuyumba vizuri, kuanguka bila kuumia, kushika chupa tupu na kuizungusha. Ushuhuda uliongezeka uzito kila nilipofika. Kalemela, kwa kuwa ni wavuvi, niliona josho peke yake halitawagusa, nikaweka mamba ndani yake. Tukiwa njiani kurudi mwinjilisti aliniuliza mamba alifikaje joshoni. Nikamwambia Mungu ana njia zake. Akafikiri, akakubali.

Nilipalilia pamba bila kunywa. Nilivuna bila kunywa. Siku ya kuuza nilipita mbele ya madumu saba, mama mmoja akaniita kwa jina la utani, nikamjibu kwa mstari wa Zaburi. Nikatuma salamu Nkoma. Jibu likaja: nije Jumatano ya wiki inayofuata, mke wangu anafua nguo za safari.

Ningekaa nyumbani nikafagia. Lakini kulikuwa na fundi cherehani.

Huyu alikuwa mwenzangu wa kunywa kwa miaka mingi. Naye alikuwa ameokoka, kwenye kanisa jipya ng'ambo ya soko, na naye alikuwa mtoa ushuhuda. Sikuwa na neno juu ya hilo, Mungu ana nafasi kwa wote. Lakini wiki ile mteja mmoja, namzibia pancha, akaniambia amesikia ushuhuda mkali wa fundi cherehani, eti aliwahi kutumbukia joshoni na ng'ombe.

Niliacha pancha. Nikavuka soko nikamkuta kwenye cherehani.

"Aliyeingia joshoni ni mimi," nikamwambia.

"Tulikuwa wawili," akasema, bila kuinua mguu kwenye pedali.

"Wewe ulikuwa umelala kwenye ukoka!"

"Nililala baada ya kutoka joshoni."

Tulibishana mpaka watu wakajaa. Na watu wa kwetu wakiona wawili wanabishana nani zaidi, wanajua la kufanya. Kwa Wasukuma ngoma ni mashindano. Baada ya mavuno vyama viwili hukutana uwanja mmoja, kimoja huku, kingine kule, vinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakimbilia kunakovutia. Jua likikaribia kushuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Wainjilisti wetu wawili waliupanga Jumamosi, wakauita mkutano wa pamoja wa injili. Watu wakauita kwa jina lake, mashindano. Kufikia Ijumaa mji ulikuwa umegawanyika, kuna wa baiskeli na wa cherehani, na wengine hawajawahi kuingia kanisani tangu wazaliwe.

Ijumaa hiyo alinijia mganga mmoja mzee wa wacheza ngoma, amebeba dawa ya kuvuta watu ndani ya pembe ndogo. Nilimfukuza kwa ukali. Nikamwambia mimi nimeokoka, sina ushirika na mambo hayo, nikajisikia mtakatifu kabisa. Yule mzee hakukasirika. Alifunga pembe yake akasema, "Basi hiyo chupa yako usiende nayo tupu. Weka kitu. Watu wa mbele wana pua."

Niliona huo si uganga, ni ushauri. Jumamosi asubuhi nikanunua gongo, chupa moja, kwa kazi ya Bwana. Nilipanga kuimwaga chini mbele ya watu wote, wasikie harufu, waone ardhi inavyoinywa, wapige kelele.

Nilianza vizuri. Nilikuwa na watu wengi, nilikuwa nimefika kwenye ng'ombe wa mbele, ndipo nikasikia kelele upande wa pili. Fundi cherehani na vijana wake walikuwa wamechimba josho. Josho kweli, mtaro wenye maji, na ndama wawili wa kuazima. Akapita humo mzima mzima, na suti yake, ndama mbele ndama nyuma. Watu wangu walinikimbia. Walikimbia wakiangua kicheko, wakiwavuta watoto mkono, hata wanakwaya wangu nikawaona wakirudi nyuma kidogokidogo. Nilibaki na mwinjilisti, bibi mmoja asiyeona vizuri, na mbwa.

Nikafungua chupa. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka mwinjilisti ananiangalia akiwa anataka kulia, nakumbuka harufu, na nakumbuka nikisema moyoni ni funda moja tu, la kuonyesha. Lilishuka. Halafu la pili la kuonyesha lile la kwanza.

Niliyumba siku hiyo kama sijawahi kuyumba. Niliimba nyimbo za kilabuni, nikamtukana ndama, nikalia kwa ajili ya mke wangu, machozi ya kweli, nikaanguka, nikainuka, nikamkumbatia mbwa. Watu wakarudi. Kwanza watoto, kisha vijana, kisha uwanja wote, mpaka fundi cherehani akabaki amesimama kwenye maji yake na ndama. Walinibeba juu mabegani. "Huyu jamaa anaigiza mpaka jasho linanuka!" mmoja alipiga kelele. Mwinjilisti aliniombea kwenye kipaza sauti, akimshukuru Mungu kwa kunitoa kwenye pombe, na mimi nikaitikia amina huku dunia inazunguka. Nilishinda. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani, siku niliyoanguka.

Jumapili nilimalizia chupa, nikatafuta nyingine.

Jumatatu alikuja fundi cherehani. Alikaa kwenye benchi langu la wateja, akanusa hewa, akangoja mpaka nilipoacha kujifanya nina kazi.

"Umekunywa," akasema.

"Niliigiza."

"Mimi nimekunywa na wewe miaka mingapi? Najua ukiigiza unaangukia kulia. Juzi uliangukia kushoto."

Yeye akatazama mikono yake.

"Mimi nilianguka wakati wa palizi," akasema. "Siku tatu. Na Jumapili nikasimama nikashuhudia kama kawaida. Tangu siku hiyo nashuhudia kila wiki na sijamwambia mtu. Josho nililichukua kwako kwa sababu kosa langu mwenyewe nilikuwa naona aibu kulisema."

Tulikaa pale kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Nilimwuliza nifanye nini, Jumatano natakiwa Nkoma, na masharti nimeyatimiza yote, siku ya kuuza nimepita, hakuna anayejua. Alisema hajui. Alisema yeye hana wa kumwendea, mke wake alishaolewa na mwingine. "Wewe una pa kwenda," akasema, akaondoka.

Jumatano nilioga, nikavaa shati la ushuhuda, nikaenda. Njia nzima nilijiambia sitasema. Nilifika, nikaona nguo za mtoto zimeanikwa, ndogo, safi, nikakaa kwenye kigoda mbele ya ukuta.

"Mwadila, mkwe," mama mkwe akasema kutoka upande wa pili. "Tumesikia ulivyoshinda. Tuambie na sisi."

Nikasimama nikaanza. "Bwana asifiwe!" nikaruka, nikayumba kulia, nikatupa mikono. Kuku wakakimbia. Nikafika kwenye josho, nikachutama kama ng'ombe, nikasubiri kicheko.

"Mkwe," akasema, "mbona unahema?"

Ndipo nilipoelewa kwamba hanioni. Hawezi kuniona, desturi imemkataza, na ukuta ni ukuta. Mikono yangu, macho yangu, kuyumba kwangu, vyote vilikuwa havina kazi. Miezi tisa yote nilikuwa nimeomba huku nikichungulia nani ananitazama nikiomba. Pale hapakuwa na wa kuchungulia. Lilibaki neno tu, lipite kwenye udongo kama lilivyo.

Nikakaa. "Mayu, nilikunywa Jumamosi," nikasema. "Nilipokuwa nashangiliwa. Na Jumapili pia. Jana na juzi sikunywa."

Ndani nikasikia kitu kimewekwa chini, chuma kwenye sakafu. Ilikuwa sufuria.

"Atabaki," akasema. "Pamba itapandwa tena. Lakini kila Jumatano uje hapa ukutani useme. Na usiruke, utaniharibia kuku wanaotaga."

Nilirudi Bariadi nikilia barabara nzima, na ilipofika Jumatano nikaenda tena. Wiki ya kwanza alinijibu vizuri. Kuanzia ya pili aliacha kuniitikia kwa maneno, akawa anagonga ungo tu, mara mbili, kisha anaanza kubangua karanga. Nilijua ni adhabu, nikaipokea. Nilisema, karanga zikapasuka. Nikiongopa, karanga zinanyamaza. Sijui alijuaje. Nilijaribu mamba mara moja, kwa mazoea, zikanyamaza mpaka nilipomtoa.

Nilisema mambo ambayo jukwaani sikuwahi kuyasema, kwa kuwa hayachekeshi. Kwamba kitenge cha mke wangu kilichopotea hakikupotea. Kwamba mtoto alipozaliwa nilisema nimefungwa na mvua, na mvua haikunyesha. Kwamba siku bila pombe ni ndefu, saa kumi jioni inakaa tu pale haiondoki, na saa hiyo ndiyo naomba, si maombi mazuri, nasema tu nipo hapa, nipo hapa. Wakati wa kupanda nilianguka siku moja. Nilikwenda nikasema, nikangoja nifukuzwe. Karanga zilinyamaza muda mrefu, nikaanza kuinuka nichukue baiskeli. Kisha zikaendelea.

Mwinjilisti alinialika Mkula, nikamwambia sina ushuhuda, nina habari tu. Fundi cherehani nilimweleza juu ya ukuta. Akaanza kuja kibandani kila Alhamisi, anakaa nyuma ya bati, mimi naziba pancha upande wa pili, anasema.

Pamba ikaiva, ikauzwa. Jumatano iliyofuata nilifika Nkoma saa tisa, nikasalimia, ungo ukagongwa. Nikasema lililokuwa moyoni: kwamba naogopa. Kwamba akirudi nitaanza kumtazama usoni kila asubuhi kama anapiga makofi, na siku asipopiga sijui nitafanya nini.

Karanga zikanyamaza.

"Mayu," nikasema, "hapo sijaongopa."

Wakati nasema hivyo nikatazama njiani. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka shambani, jembe begani. Aliniona, akashtuka, akajitupa kwenye mtama mzima mzima.

Niliutazama mtama. Nikautazama ukuta.

"Najua hujaongopa," mke wangu akasema kutoka upande wa pili.

Nilikumbuka kitenge. Nilikumbuka mvua. "Umekaa hapo tangu lini?"

"Wiki ya pili. Mama alisema hana muda wa kukaa na mwanaume anayelia wakati karanga zinamngoja shambani."

Kwenye mtama ikatoka sauti: "Mmemaliza? Nataka kupita!"

"Bado, mama!" akajibu.

Nikasikia akikung'uta maganda kwenye kanga, nikasikia akimwita mtoto. Kisha kwenye pembe ya jiko ikatokea sufuria, na chini ya sufuria yeye. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilichukua kipande cha tyubu nifunge sufuria kwenye keria, kazi ya kila siku, naifanya nimefumba macho, na fundo la kwanza likaniponyoka, na la pili.

Akaitazama mikono yangu. "Umekunywa?"

"Hapana. Naogopa."

Alinitazama muda kidogo. Kisha akaichukua ile tyubu mikononi mwangu, akafunga yeye.